Pointi za supamaketi: zinavyohesabiwa, na kwa nini masharti yake hubadilika

Keshia anapouliza "Una kadi?", hesabu mbili huanza kwa pamoja. Ya kwanza unaiona chini ya risiti: pointi ulizopata leo na jumla uliyo nayo. Ya pili huioni. Kila kitu ulichonunua kinaandikwa kwenye akaunti yako, pamoja na tarehe, saa, tawi, na kama ulilipa taslimu au kwa simu. Wateja wengi wanaoleta malalamiko kwenye dawati letu la walaji wanalalamikia hesabu ya kwanza: pointi zimeisha muda, ofa haikuingia, zawadi iliyokuwa rahisi mwaka jana leo haifikiki. Lakini mwenye duka anapoamua kubadilisha masharti, mara nyingi anakuwa ameangalia ile ya pili.

Kumrudishia mteja kitu kidogo ili arudi tena si jambo jipya. Mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ya Marekani ilianza kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mteja alipewa stempu kulingana na alichonunua, akazibandika kwenye kijitabu, na kikijaa akakibadilisha na bidhaa. Mpango ule ulimrudisha mteja dukani, ila haukumwambia mwenye duka ni nani aliyerudi wala alinunua nini. Nusu ya jibu ilipatikana tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, pale pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilipokuwa bidhaa ya kwanza kusomwa kaunta kwa msimbopau, ile mistari myeusi inayochapishwa kwenye pakiti. Tangu hapo mashine iliweza kujua ni kitu gani kimeuzwa. Nani amekinunua, bado haikujua.

Kadi ndiyo iliyoziba pengo hilo. Mashirika ya ndege yalitangulia. American Airlines ilianza kuhesabu maili za abiria wake mwaka 1981. Kwa upande wa supamaketi, mfano unaotajwa zaidi ni Clubcard ya Tesco, Uingereza, iliyozinduliwa Februari 1995 baada ya majaribio katika matawi machache. Data za majaribio zilichambuliwa na kampuni ndogo ya Dunnhumby, ya mume na mke, Clive Humby na Edwina Dunn. Mwaka huohuo Tesco ilimpita mshindani wake, supamaketi ya Sainsbury's, na kuongoza soko la vyakula nchini humo. Isidhaniwe kwamba kadi pekee ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini washindani hawakungoja utafiti. Nao wakatoa kadi zao. Si wote waliofaidika. Supamaketi ya Safeway ya Uingereza iliacha kadi yake mwaka 2000, ikaona afadhali fedha zile zitumike kupunguza bei. Nauheshimu uamuzi ule. Kadi ni gharama, na duka lisilojua kuzitumia data zake linabaki kugawa punguzo bila kupata kitu.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hupotea. Kila mpango una viwango viwili: kiwango cha kupata pointi na kiwango cha kuzitumia. Matangazo hupiga kelele kuhusu cha kwanza. Tuseme kila mia unayotumia inakupa pointi 1, na pointi 500 zinakupa vocha ya 250. Ili upate pointi 500 lazima utumie 50,000. Umerudishiwa 250 kwa 50,000, yaani nusu ya asilimia moja. Kama sabuni unayonunua kila wiki ni ghali kwa asilimia tatu kuliko duka la jirani, kadi haijakuokolea kitu kwenye sabuni hiyo. Tuendelee na mfano huohuo. Mwaka unaofuata duka linatangaza kwamba pointi 500 sasa ni vocha ya 200. Hakuna aliyegusa akaunti yako; pointi zako zipo zote, na ujumbe wa simu unakupongeza kwa kuwa mteja wetu wa thamani. Ila akiba yako imepungua kwa asilimia 20 kwa usiku mmoja. Ndiyo maana tunamshauri kila mtu agawanye thamani ya vocha kwa fedha zinazohitajika kuipata, kisha azidishe kwa mia. Jibu hilo, si idadi ya pointi, ndilo la kulinganisha kati ya duka na duka.

Kwa nini duka hubana? Sababu moja iko kwenye vitabu vya hesabu. Kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, pointi zinazompa mteja haki yenye thamani ambayo asingeipata bila kununua ni ahadi ambayo muuzaji bado hajaitimiza. Hivyo sehemu ya fedha ulizolipa leo haihesabiwi mapato leo. Inakaa kama deni hadi ahadi itimizwe au muda wake uishe. Mhasibu hukadiria pia ni pointi ngapi hazitatumika kabisa, kwa kuwa kila mpango una watu wanaosahau, wanaohama, wanaopoteza kadi. Kadiri wanachama wanavyoongezeka ndivyo deni linavyonenepa, na meneja wa fedha huanza kuuliza maswali. Hapo ndipo huja tarehe ya kuisha muda, idadi ya chini ya pointi kabla hujaweza kuzitumia, na orodha ya bidhaa zisizotoa pointi. Anayejiunga mwanzoni hufaidi zaidi. Duka likishapata wanachama wa kutosha, halina tena haraka ya kuwavuta.

Lakini deni si sababu pekee. Baada ya miaka michache ya kukusanya data, duka linajua kwamba si kila mteja anahitaji zawadi ileile. Anayekuja kila Jumamosi bila kukosa atakuja hata bila ofa. Anayenunua mboga na matunda huku nyama akiinunua kwingine, huyo anastahili kuponi ya nyama. Kaya iliyoanza ghafla kununua nepi za saizi ndogo itaendelea kuzinunua kwa muda, na duka litakaloiwahi sasa huenda likauza vingine vyote vinavyofuata. Mpango unaacha kugawa sawa kwa wote na kuanza kumtengenezea kila mmoja ofa yake. Majirani wawili wenye kadi za duka moja wanaweza kuona ofa tofauti kwenye simu zao siku hiyohiyo, na mara nyingi aliye mwaminifu zaidi ndiye anayepewa kidogo. Linaudhi, lakini kwa hesabu za duka lina mantiki.

Wengine huungana. Nectar, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2002, iliwaweka Sainsbury's, kampuni ya kadi za mkopo ya Barclaycard, kampuni ya mafuta ya BP na maduka ya Debenhams kwenye kadi moja. Kwa mteja pointi hujaa haraka. Kwa wenye mpango, picha ya maisha yake hutoka dukani na kufika hadi kituo cha mafuta.

Hatua iliyoenea sana miaka ya karibuni ni bei mbili kwenye rafu moja: bei ya mwanachama, na bei ya asiye na kadi. Tesco ilianza mtindo huo mwaka 2019. Pointi zinarudi nyuma, punguzo linaonekana papo hapo, na asiye na kadi anajisikia anaadhibiwa. Swali la walaji lilikuwa la haki kabisa: je, bei ya kawaida imepandishwa makusudi ili punguzo lionekane kubwa? Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilichunguza bidhaa zipatazo 50,000 na kutoa matokeo Novemba 2024: asilimia 92 ya ofa hizo zilikuwa punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida. Hata hivyo mamlaka hiyo iliwashauri walaji waendelee kulinganisha maduka, kwa kuwa bei ya mwanachama si lazima iwe ya chini kuliko zote sokoni. Matokeo hayo ni ya soko moja. Kwingine, linda risiti zako za zamani. Ndizo zitakazokuambia kama "bei ya kawaida" ya leo iliwahi kuwa ya kawaida.

Kuna mtego mwingine usiohitaji data yoyote. Watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waligawa kadi 300 kwa wateja wa sehemu ya kuoshea magari. Nusu walipewa kadi ya mihuri 8 ili waoshewe bure. Nusu nyingine walipewa ya mihuri 10, miwili ikiwa imeshapigwa. Wote walibakiza mihuri 8 ileile. Wa kundi la kwanza walioijaza walikuwa asilimia 19, wa pili asilimia 34. Ukipewa pointi za makaribisho siku ya kujiunga, ujue kazi yake ndiyo hiyo. Na ujumbe wa "umebakiza kidogo tu" ukija, rudia ile hesabu ya nusu asilimia kabla hujaongeza vitu kwenye toroli.

Kuhusu taarifa zako, fomu ya kujiunga huomba mengi kuliko yanayohitajika. Namba ya simu kwa kawaida inatosha kutunza akaunti. Idadi ya watoto, kazi na kipato ni hiari yako; acha wazi. Kuwa mwanachama na kukubali kutumiwa matangazo ni ridhaa mbili tofauti, hata kama zimewekwa kwenye kisanduku kimoja. Soma pia kifungu cha washirika, kwa sababu maduka mengi sasa huwauzia watengenezaji wa bidhaa nafasi ya kutangaza kwa makundi ya wateja yaliyochaguliwa kutokana na manunuzi yao. Nchi zenye sheria za kulinda taarifa binafsi kwa kawaida hukupa haki ya kuomba nakala ya kila kilichohifadhiwa juu yako. Iombe walau mara moja. Orodha ya manunuzi ya miaka mitatu humfundisha mtu mambo kuhusu nyumba yake kuliko maelezo yetu yote.

Mwisho, wezi huiba pointi kama wanavyoiba fedha. Usitumie nywila ya barua pepe kwenye akaunti ya duka, na usiache pointi zirundikane. Masharti mengi husema wazi kwamba pointi si mali ya mteja, hazirithiwi, na mwenye mpango anaweza kuufunga kwa taarifa fupi. Duka likifilisika, mwenye pointi hana uhakika wa kupata chochote. Vocha ikitosha kununua kitu unachokihitaji, itumie wiki hiyohiyo.