Kiini cha njano si kipimo cha lishe

"Yai la kisasa halina nguvu, ona kiini kilivyopauka." Ndivyo tunavyoambizana jikoni, na ndiyo sababu mteja yuko radhi kulipa zaidi kwa yai la kienyeji. Lakini rangi ile inatokana na chakula tu. Kuku hawezi kujitengenezea njano; huipata kwenye majani mabichi na mahindi ya njano, yenye rangi asilia ziitwazo karotenoidi. Kienyeji anayeshinda uani akidonoa nyasi na mchicha hutaga yai lenye kiini kilichokolea. Mfungie bandani, umlishe pumba za haya mahindi yetu meupe, na baada ya wiki mbili hivi kiini kitapauka. Kuku ni yuleyule.

Watengenezaji wa chakula cha kuku wanalijua hili, ndiyo maana wengine huchanganya rangi humo, na yai la kisasa likatoka na kiini cha kumvutia mnunuzi. Protini ya mayai hayo mawili haipishani sana. Yai la kuku wa kuchunga nje linaweza kuwa na vitamini E zaidi, ila hilo hulioni kwa macho. Ladha? Hapo kila mtu na ulimi wake.

Mfugaji anayetaka njano awatupie kuku sukuma wiki kila asubuhi.