Chupa Ikipata Moto kwa Nje, Joto Linakimbia

Malalamiko ya chupa za chai yameongezeka sana kwetu maabara ya kupima bidhaa, mtu analeta chupa anasema hii feki, naweka maji ya moto asubuhi mchana yameshakuwa uvuguvugu. Na kweli zingine ni feki, ila nyingi tukizipima tunakuta chupa ni nzima kabisa, kizibo ndo kimeisha.

Kwanza jamani, hakuna chupa inayoongeza joto. Blanketi, pamba, povu la plastiki, themosi, vyote vinachelewesha joto kutoka, basi. Maji yakiingia na nyuzi 80 hayawezi kutoka na 85, hili tunaulizwa kila wiki na naomba sasa lieleweke.

Kinachozuia joto kwenye pamba, sufu au povu ni hewa iliyonaswa mule ndani ikatulia, sio nyuzinyuzi za pamba zenyewe wala plastiki yenyewe. Hewa iliyotulia inapitisha joto kidogo mno, maji yanapitisha zaidi ya mara 20 ya hiyo, ndo maana kitambaa kikilowa hakisaidii kitu na povu la poliyurethani, aina ya plastiki, lililozunguka tanki la maji ya moto likishanyonya maji halifanyi kazi tena. Na ukiikandamiza pamba mpaka ibanane ukidhani ndo inakuwa na nguvu, unaitoa hewa uliyokuwa unaihitaji.

Themosi yenyewe ilianza na mwanasayansi James Dewar mwaka 1892, alikuwa anatafuta chombo cha kuwekea gesi zilizopoozwa mpaka zikawa kimiminika, chai haikuwepo akilini. Ina kuta mbili, hewa ya katikati imenyonywa, alafu ile rangi ya fedha inarudisha joto linalosafiri kama mionzi. Kwa hiyo njia kubwa inayobaki ni mdomoni. Mpira wa kizibo ukipasuka au ukilegea mvuke unatoka na joto lako lote, hata chupa ingekuwa nzuri vipi.

Jipimie mwenyewe kabla hujaja. Weka maji ya baridi, funga, pindua juu ya sinki uone kama inadondosha. Alafu jaza maji yaliyochemka, subiri dakika kumi, pitisha kiganja kwenye tumbo la chupa. Shingoni kuwa na joto kidogo ni kawaida, ila tumbo likiwa moto ujue hewa imeshaingia kati ya kuta na hakuna fundi wa kuirudisha hali yake. Watu wanafurahia chupa kuwa moto kwa nje eti ndo ina nguvu, ni kinyume kabisa.

Chupa za chuma zingine zimezibwa kitakoni kwa tone lenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, lililofunikwa na kifuniko, kikibanduka acha kuitumia. Chupa za kioo za zamani zingine ziliwekewa vipedi vya asbesto, madini ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, kati ya kuta, ikivunjika usifagie kavu, lowesha kwanza. Maziwa yakishashuka chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaliana, kwa hiyo usiyaache mule siku nzima.

Sasa utaratibu. Lete chupa pamoja na kizibo chake, risiti, na lebo yenye namba ya bechi, yaani ya kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja, usiitoboe wala kuifungua kitako maana sampuli ikiguswa hatuwezi kuitumia kama ushahidi. Tunaijaza maji ya joto tunalolijua, tunaiacha kwenye chumba chenye joto lisilobadilika, tunapima kila baada ya muda na kulinganisha na masaa yaliyoandikwa kwenye lebo. Ikifeli hatumrukii muuzaji, tunachukua sampuli zingine za bechi hiyohiyo kwanza, maana moja inaweza kuwa ilidondoka tu. Zikifeli nazo anaandikiwa barua, mzigo unazuiwa, anajibu kwa maandishi, na ikithibitika alidanganya kwenye lebo, mfano ukuta mmoja unauzwa kama kuta mbili, anaweza kupigwa faini na kuamriwa ateketeze mzigo kwa gharama zake. Akirudia, suala la leseni linaingia.

Kama majibu hayajatoka, tafadhali usisambaze jina la duka, unaweza kumuumiza asiye na kosa na wewe ukashtakiwa. Na kama tatizo lako ni kizibo tu hatupokei, nunua kizibo kingine saizi ileile, pima upya, ndo uje.