LC: benki inaahidi nini, na nini haiahidi

Ukikaa na wauza kahawa wa Mbozi au wanaosafirisha parachichi za Njombe, haipiti muda utasikia LC (letter of credit) ikitajwa. Ni ahadi ya maandishi: benki ya mnunuzi inamwambia muuzaji, lete nyaraka hizi na hizi, utalipwa. Basi. Mengine mengi yanayosemwa juu yake ni ya mitaani.

"Benki itahakikisha mzigo ni mzima"

Haihakikishi. Kanuni za UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilizoanza kutumika 1 Julai 2007, zinasema wazi kwamba benki hushughulika na nyaraka, si bidhaa. Mfanyabiashara wa Ubaruku akiagiza mashine ya kukoboa mpunga kutoka China, kontena likafunguliwa na kutoa chuma chakavu, benki yake inalipa ilimradi karatasi zimekaa sawa. Ugomvi wa ubora ni wake na muuzaji. Wazoefu hudai ndani ya LC cheti cha mkaguzi huru, kilichotolewa kabla ya mzigo kupakiwa. Bila cheti hicho hakuna malipo.

"SWIFT ndiyo inayosafirisha hela"

SWIFT ni mtandao wa mawasiliano wa benki, unasafirisha ujumbe tu. Hela huhama kwenye akaunti ambazo benki zimefunguliana.

"Ukikosea herufi moja hulipwi"

Si kweli. Mwongozo wa ukaguzi wa nyaraka, ISBP 745, unatoa mfano wa aliyeandika "mashine" badala ya "machine" na kusema hiyo si dosari. (Waswahili tumesamehewa mapema.) Lakini modeli 123 ikiandikwa 321, hiyo ni dosari.

Kinachowaangusha watu wa huku zaidi ni tarehe na vipimo. LC ikitaja siku ya mwisho ya kupakia melini, na lori lako likalala Kitonga kwa sababu ya ajali, benki haitauliza habari za Kitonga. Meli ikishaondoka, nyaraka zifike benki ndani ya siku 21, kama LC haikusema vingine, na kabla LC yenyewe haijaisha muda.

Kahawa nayo ina mtego wake. LC ikisema kilo 19,200, kanuni zinakuruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, mradi hudai zaidi ya kiasi cha fedha kilichoandikwa. Ikisema magunia 320, ruhusa hiyo haipo. Kahawa ni ile ile.

"LC imeletwa na benki kubwa ya London, kwa hiyo London watanilipa"

Hapa ndipo wengi wanajidanganya, na mimi naona ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Benki inayokuletea LC kazi yake ni kujiridhisha kwamba hati inaonekana halali na kukufikishia. Ni mshenga: barua ya posa ameleta yeye, mahari si yake.

Ili benki hiyo nayo ifungwe na malipo, ni lazima iwe *imeithibitisha* LC. Hapo inaongeza ahadi yake juu ya ile ya kwanza, na benki ya mnunuzi ikifilisika au nchi yake ikikosa dola, bado utalipwa kama nyaraka zako hazina dosari. Kwa kawaida haifanyi hivyo bure. Kila benki huwekea benki nyingine kikomo cha hatari, na ada hutegemea inavyoiona benki ile na nchi ile. Kikomo kikijaa inakataa, hata mfahamiane vipi. Mwagizaji wa Tanzania naye hukutana na hilo, pale muuzaji wa ng'ambo anapogoma kupakia hadi benki ya kwao ithibitishe.

Kujua hali yako, omba nakala ya MT700, yaani ujumbe wa SWIFT ulioileta LC yako, na usome sehemu ya 49. Ikiwa CONFIRM, benki iliyokuletea LC imeombwa kuithibitisha, lakini kuombwa si kukubali. Tafuta barua yake inayosema imekubali. Ikiwa WITHOUT, ahadi uliyonayo ni ya benki ya mnunuzi peke yake. Ichunguze benki hiyo mzigo ukiwa bado ghalani.