Nukta milioni za mashua kwenye RAM ndogo

Nukta moja ya GPS ya mashua ni namba nne tu: saa, latitudo, longitudo na mwendo. Ukiiandikia klasi kwenye Python, kodi inasomeka raha. Shida huanza pale faili la mashua za Sahare na Deep Sea, hapa kwetu Tanga, linapofika nukta milioni moja.

Tupige hesabu. Kwenye CPython (Python ile ya kawaida wengi tunayoitumia) ya biti 64, namba ya desimali hula baiti 24: 8 za kuhesabu wanaoitumia, 8 za kuonyesha aina yake, 8 ndiyo namba yenyewe. Desimali tatu, 72. Saa, kwa sekunde tangu 1970, ni namba kamili ya baiti 32. Nukta yenyewe, hata ukiitilia `__slots__`, yaani kuitajia mapema sehemu zake (na uitilie, isibebe kamusi ya kuzihifadhi), ni 48, juu yake 16 za mzoa taka, anayefuta objekti zisizotumika tena, na 8 za nafasi yake kwenye orodha. Jumla baiti 176 kwa nukta moja. Ni kumfungia kila dagaa gazeti lake.

Hapo ndipo watu huanza kusema Python nzito, tuhamie C++. Siafiki. Hizo objekti usiziunde tu. Weka safu nne ndefu, moja ya saa zote, moja ya latitudo zote, na kuendelea, kwa moduli ya `array` inayokuja na Python, au NumPy, maktaba ya hesabu za safu, kama hesabu ni nyingi. Ukitaka nukta moja, iunde wakati huo, itumie, iachie. Angalizo: ukipanga upya safu moja ukasahau tatu, data inaharibika kimya kimya, kwa hiyo zifiche safu zote nyuma ya klasi moja.

Halafu aina ya safu. `array` huambiwa aina ya namba kwa herufi moja. Wengi huogopa `f`, desimali ya baiti 4, kwenye latitudo na longitudo. Kwenye longitudo yetu ya 39, hatua yake, yaani pengo kati ya namba moja na inayofuata, ni chini ya nusu mita, na GPS ya simu yenyewe hukosea mita kadhaa. Inatosha kabisa. Ila saa usithubutu: kwa sekunde za leo, `f` huruka sekunde 128 kwa mpigo, na mashua itaonekana imesimama dakika mbili kisha imepaa. Saa iweke `I`, namba kamili isiyo na hasi, ambayo kwenye mashine zetu ni baiti 4 zile zile na haijai mpaka 2106. Nukta nzima inabaki baiti 16.