Ukimnunua mshindani anayekufa, wateja wake hawaji na funguo

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii nimesema niiandike kabisa ili mtu mwingine akija nimwambie soma kwanza ndo tuongee. Mteja wangu wa siku nyingi, ana duka la simu na vifaa vyake maeneo ya Stendi Ndogo hapa Arusha, kaja asubuhi hata chai sijanywa, "dada, jamaa wa mlango wa nne anafunga, nataka nimchukue lote kama lilivyo, si ndo makampuni makubwa ya teknolojia yanavyofanya, mwenzao akiyumba wanamnunua wanabaki na wateja wake." Nikamuuliza hao wateja wake kwa sasa wako wapi. Kimya. Kazi yangu ni kuthamini biashara kabla hazijauzwa, Arusha na Moshi, na hakuna sentensi iliyowapotezea watu hela mbele ya macho yangu kama hiyo.

"Ukimnunua mshindani umenunua wateja wake"

Hapana jamani. Mteja hana hati miliki. Mtu anaweza kukuuzia mashine, jina, mikataba, stoko, hata madeni anayodai, lakini aliyeingia dukani kwa miguu yake anatoka kwa miguu yake na hakuna karatasi utakayosaini ya kumzuia. Na hebu fikiria hilo neno lenyewe, anayumba, maana yake nini? Maana yake wateja wameshaanza kuondoka, ndo maana anayumba! Sasa wewe unataka kulipia kitu ambacho kipo njiani kinatoka.

Chukua Nokia, maana hakuna mtu wa rika langu hapa ambaye hakuwahi kumiliki kitochi. Septemba 2013 Microsoft wakatangaza wanakinunua kitengo chake cha simu, euro bilioni 5.44 pamoja na ruhusa ya kutumia hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake. Hawakuwa wapinzani moja kwa moja, tangu 2011 walikuwa wanashirikiana, Nokia anatengeneza simu na Microsoft anatoa programu ya Windows Phone, lakini hesabu iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa ileile ya kaka yangu wa Stendi Ndogo, kwamba Nokia ana mamilioni ya watu dunia nzima, Microsoft akimchukua amewapata wote. Sasa hao mamilioni wengi walikuwa na vitochi, na kila aliyekuwa anaamua kuhamia simu ya kupangusa alikuwa anaenda Android au iPhone, kwa sababu huko ndo kulikuwa na programu anazozitaka na bei inayomfaa. Walikuwa wanamhama Nokia na wala hawakuwa wanaelekea kwa Microsoft. Kubadilisha mwenye kampuni hakukubadilisha walikokuwa wanaelekea.

Na jina je? Jina la Nokia lenyewe halikuuzwa! Microsoft walipewa leseni ya kulitumia miaka 10 kwenye vitochi, ila simu janja ikabidi mwaka 2014 waanze kuziita Microsoft Lumia. Yaani kile kitu pekee ambacho kingemfanya mama wa soko la Kilombero aseme nipe Nokia mwanangu, hicho ndo kilibaki kwa muuzaji. Ununuzi ulikamilika Aprili 2014, Julai mwaka huohuo wakatangaza kupunguza mpaka watu 18,000 na karibu 12,500 kati yao walikuwa wa upande huo uliotoka Nokia, Julai 2015 wakafuta kwenye vitabu vya hesabu dola bilioni 7.6 kama hasara, ambayo inakaribia yote waliyonunulia, na 2016 biashara ya vitochi wakaiuza kwa dola milioni 350. Miaka miwili na kidogo tu.

Ndo maana mimi kila mteja namuuliza swali moja kabla sijafungua hata kompyuta, na mnisamehe wale mliolisikia mara kumi: wateja wanaomkimbia huyu bwana wanaenda kwa nani? Kama wanakuja kwako, basi unawapata bure, ya nini kuwalipia? Subiri. Kama wanaenda kwa mtu wa tatu, wataendelea kwenda kwa huyo wa tatu hata ukibandika jina lako juu ya fremu. Nafasi ya kununua inabaki pale tu ambapo kuna kitu kinachowashika, mkataba wa miaka kadhaa, leseni, eneo, fundi, programu ambayo data zao ziko ndani yake na kuhama ni shughuli. Kitaje hicho kitu kwa jina. Ukishindwa kukitaja hakipo.

Basi nikaenda na kaka kwenye lile duka tukahesabu. Muuzaji alikuwa anataka alipwe stoko, halafu na kilemba juu yake kwa ajili ya "jina na wateja". Tukashusha maboksi. Makava ya simu, mengi kweli, tukaanza kuyapanga sakafuni kwa aina ya simu na zaidi ya nusu yalikuwa ya matoleo ambayo hata mimi sijayaona mkononi mwa mtu miaka mitatu sasa, plastiki imeshaanza kuwa ya njano pembeni. Chaja za pini za zamani boksi mbili hazijafunguliwa. Daftari la wadaiwa limeandikwa "Mama Neema 40,000", "Dogo wa bodaboda 15,000", hakuna namba ya simu hata moja. Kodi ya fremu imebaki miezi miwili na mwenye nyumba hajaulizwa kama atampokea mpangaji mpya wala kwa bei gani. Tulikaa pale kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana na walioingia kununua nikawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa kilemba cha wateja gani?

Kuna mzee mwingine wa Moshi yeye alikuja kwangu akiwa ameshalipa, hao ndo wananiuma zaidi. Alinunua steshenari ya mwenzie, kompyuta nne, mashine ya kutolea kopi, kila kitu, na kwa kweli biashara ilikuwa inaonekana ina watu, ila mwenye duka alikuwa ameelemewa na mkopo. Kumbe watu walikuwa wanamfuata kijana mmoja pale ndani anayejua kuchapa, kutengeneza CV, kuhangaika na maombi ya mikopo ya wanafunzi mpaka yakubali. Mzee hakuwahi hata kukaa chini na yule kijana. Mwezi wa pili kijana akafungua kibanda chake upande wa pili wa barabara. Foleni ikahama ng'ambo, mzee akabaki na mashine.

"Kampuni inayokufa haina cha kununuliwa"

Hii ni kinyume chake na nayo siyo kweli. Desemba 1996 Apple, yenyewe hali ikiwa mbaya, ilikubali kuinunua NeXT kwa zaidi ya dola milioni 400. NeXT ilishaacha kutengeneza kompyuta tangu 1993, kwa macho ya mpita njia hapo hakuna kampuni. Lakini Apple walikuwa wanatafuta programu endeshi, yao ilikuwa imezeeka na mradi wa kuiandika upya ulikwama, na NeXT walikuwa nayo tayari, inafanya kazi. Wakaipata pamoja na Steve Jobs aliyeianzisha NeXT na mainjinia walioiandika, na ndiyo iliyokuja kuwa Mac OS X mwaka 2001. Walijua wanafuata nini, na waliokijua hicho kitu walihama nacho. Mzee wangu wa Moshi angeanzia kwa yule kijana.

"Bei ishashuka, ukichelewa utajuta"

Februari 2008 Microsoft iliitaka Yahoo kwa dola bilioni 44.6, dola 31 kwa hisa, wakati siku moja kabla hisa ilikuwa 19 na senti. Watu wakasema ni lazima, ndo njia pekee ya kumkaribia Google kwenye utafutaji. Microsoft wakapandisha mpaka 33, Yahoo wakataka 37, Mei wakaachana, na kufika Novemba hisa ya Yahoo ilikuwa imeshuka chini ya dola 10. Sasa sikiliza hii ambayo wengi hawaisimulii: Julai 2009 hao hao wawili walisaini mkataba wa miaka 10, injini ya Bing ya Microsoft ndo iendeshe utafutaji wa Yahoo. Kile walichokuwa wanakitaka hasa walikipata kwa mkataba bila kubeba kampuni nzima. Mimi hili nalipigia kelele kila siku, kabla hujanunua mtu uliza kama unaweza kukodi kile kipande unachokihitaji.

Yahoo yenyewe biashara yake ya mtandao ilichukuliwa na Verizon mwaka 2017 kwa dola bilioni 4.48. Ila msiilinganishe na ile 44.6 kama mnavyopenda kufanya, maana hisa za Alibaba na za Yahoo Japan ambazo Yahoo ilikuwa inazimiliki hazikuwemo kwenye mauzo hayo na hizo ndo zilikuwa na thamani kubwa.

"Madeni ni ya yule wa zamani"

Inategemea umenunua nini. Ukinunua mali, yaani kabati, mashine, stoko, kwa kawaida madeni yanabaki kwa mwenyewe. Ukinunua hisa za kampuni umeinunua na kila kilichojificha ndani yake, TRA, NSSF, kesi, vyote. Hapohapo kwa Yahoo, makubaliano ya mwaka 2016 yalikuwa dola bilioni 4.83, yameshasainiwa ila mauzo hayajakamilika, mwaka huohuo ndo ikajulikana kwamba wadukuzi walishaingia 2013 na 2014 wakaiba taarifa za watumiaji, bei ikakatwa dola milioni 350. Verizon walikuwa hawajalipa bado, wakapata pa kushikia. Wewe unalipa keshi siku ya kwanza halafu unaniita mwezi wa tatu.

"Serikali haina shida, si inakufa hata hivyo"

Ina shida. Hapa kwetu kuna Tume ya Ushindani na Sheria ya Ushindani ya 2003, muunganiko ukivuka kiwango kilichowekwa ni lazima waarifiwe kabla. Hata Marekani, ukitaka kujitetea kwamba unayemnunua anakufa, unatakiwa uonyeshe kweli hana namna ya kupona na kwamba hakupatikana mnunuzi mwingine ambaye angeumiza ushindani kidogo kuliko wewe.

Kaka wa Stendi Ndogo mwisho wa siku alichukua kabati mbili za vioo, mashine ya kubadilishia vioo vya simu, na yule fundi wa pale akaongea naye kwanza, wakaandikishana mkataba, ndo hela ikatoka. Makava hakugusa, kilemba hakulipa. Ijumaa nashuka Moshi, kuna dada anataka kununua duka la kompyuta la mwenzie, na ameshanitumia daftari la mauzo lakini ni la Desemba peke yake, mwezi ambao Wachaga wote wako nyumbani na hela mfukoni. Nimemwambia aniletee ya miezi yote 12, na Machi na Aprili ziwe juu kabisa.