Qur'ani kwenye simu: mambo ya kukagua kabla hujaitegemea

Waislamu wengi wa Dar es Salaam wanayo Qur'ani kwenye simu, lakini ukiwauliza ni riwaya ipi (yaani njia ya usomaji iliyopokewa), hati ya nani au tarjama ya sheikh gani, wachache watakujibu. Msahafu wa karatasi hujieleza wenyewe: kurasa za mwisho zinataja riwaya, hesabu ya aya, maana ya alama za waqfu, yaani za kusimama, na jopo lililoukagua. Programu nyingi za simu hazina maelezo hayo. Maandishi yamepitia kwenye fonti, sauti imebanwa, tarjama imenakiliwa kutoka kwingine, na kote huko kitu huweza kuharibika. Habari njema ni kwamba makosa mengi yana dalili, na kuyakagua ni kazi ya dakika chache.

Tuanze na maandishi. Msahafu unaoonekana zaidi siku hizi ni ule wa Kituo cha Mfalme Fahd cha kuchapa Qur'ani, Madina, ulioandikwa kwa mkono wa Uthman Taha: kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Baadhi ya programu zinaonyesha picha za kurasa hizo hizo. Nyingine zinaandika aya upya kwa herufi za kompyuta. Hizi za pili ni nyepesi na zinakuwezesha kutafuta neno, lakini ndizo zenye matatizo, kwa sababu simu isipokuwa na fonti kamili inadondosha alama au inaweka kiboksi kitupu mahali pake.

Fungua Al-Baqara, aya ya 2. Juu ya "rayba" na juu ya "fiihi" panatakiwa kuwa na vifungu viwili vya nukta tatu tatu, vinavyomwambia msomaji asimame kwenye sehemu moja kati ya hizo, asisimame zote mbili. Nukta zisipokuwepo, fonti ina upungufu. Halafu angalia tanwini, alama ya sauti ya "n" mwishoni mwa neno, maana hapa ndipo fonti za zamani zinapoanguka. Katika chapa ya Madina, tanwini ya "samii'un 'aliim" (2:181) vistari vyake vimelingana, kwa kuwa inadhihirishwa, yaani inatamkwa wazi. Ya "ghafuurun rahiim" (2:173) vimepishana, kwa kuwa inaingizwa kwenye herufi inayofuata. Ya "samii'un basiir" (22:61) ina mim ndogo, kwa kuwa hapo sauti ya noni inageuka mim. Programu inayoziandika zote tatu kwa umbo moja haijabadili neno la Qur'ani, ila imemnyima msomaji maelekezo ya tajwidi, yaani kanuni za matamshi, ambayo msahafu ulikuwa unampa bure. Aliyekwisha kusomeshwa hatadhurika. Mtoto aliye juzuu ya kwanza atadhurika.

Pitia pia ukurasa wa "Kuhusu". Programu makini hutaja maandishi yake yametoka wapi. Mradi wa Tanzil, ulioanza 2007, hutoa maandishi ya Qur'ani yaliyohakikiwa kwa ajili ya kompyuta kwa sharti kwamba yasibadilishwe, na watengenezaji wengi wanayatumia. Programu isiyotaja chanzo, yenye matangazo ya kamari yanayojitokeza katikati ya sura, haina sababu ya kubaki kwenye simu yako.

Jambo moja linawahusu sana wasomaji wa Kiswahili: Qur'ani ya herufi za Kilatini. Nyingi zimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza, kwa hiyo "ee" ni i ndefu na "oo" ni u ndefu. Mtoto wa Temeke anayejua kusoma Kiswahili akikuta "raheem" atasoma "rahe-em", na "ya'lamoon" ataisoma "ya'lamo-on", wala hana kosa, amesoma kama alivyofundishwa darasani. "Dh" nayo ni mtego: kwa Kiswahili ni dhal, lakini programu moja huitumia kwa dhal, nyingine kwa dhwaa, nyingine kwa dhwadi. Kwa maoni yetu, herufi za Kilatini zizimwe kabisa kwenye mipangilio, hasa kwa anayeanza, kwa sababu akishazizoea hatatamani tena kujifunza kusoma Kiarabu.

Sauti

Qur'ani nzima iliyosomwa kwa murattal, yaani kisomo cha kawaida kisicho cha madoido, na kurekodiwa kwa mara ya kwanza ni ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, 1961, na mwaka 1964 Cairo ikafungua redio maalumu ya Qur'ani. Kaseti zikafuata, kisha CD, na leo unaingia duka la vifaa vya simu Kariakoo unajaziwa memori kadi nzima ukisubiri. Memori kadi hizo zina kasoro zinazojirudia, kwa hiyo zikague pale pale dukani.

Hesabu mafaili kwanza: yawe 114. Kisha tazama ukubwa. Al-Baqara inachukua karibu saa mbili kwa murattal, Al-Kawthar haifiki dakika moja. Al-Baqara ikiwa na ukubwa unaokaribiana na Yasin, imekatwa. Tatu, tazama majina. Mafaili yakiitwa 1, 2, 3 badala ya 001, 002, 003, redio nyingi za gari na spika za flashi zitapiga 1, kisha 10, kisha 100, na 101, ndipo zije kwenye 2. Watu hudhani flashi imeharibika, kumbe ni majina tu. Mwisho sikiliza Al-Fatiha. Riwaya tunayosomeshwa huku kwetu ni ya Hafs kutoka kwa Asim, na ndani yake "Maaliki yawmid-diin" ina mim ya kuvutwa. Ukisikia "Maliki" bila kuvuta, huenda umeuziwa kisomo cha Warsh, riwaya nyingine inayosomwa sana Morocco na Afrika Magharibi. Ni kisomo sahihi kabisa, lakini mtoto anayehifadhi kwa Hafs atachanganyikiwa, na maalim wake atadhani anakosea.

Anayepakua kwa bando lake apige hesabu mapema. Kisomo cha saa 30 kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde kinakula karibu GB 1.7, kwa kilobiti 64 ni nusu yake. Kwa sauti ya mtu mmoja, 64 inatosha. Ukishuka hadi 32, herufi za mluzi, yaani sadi, sin na zay, zinaanza kufifia na kufanana. Pakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha zima data. Mtu anayekwenda Kariakoo kutoka Mbagala kila asubuhi kwa daladala anaweza kurudia juzuu moja ndani ya foleni bila kutumia hata MB moja.

Kuhifadhi

Anayehifadhi huikumbuka aya pamoja na mahali pake: juu kulia, katikati, mstari wa mwisho. Ndiyo maana walimu wanasisitiza msahafu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Programu inayokuacha ukuze herufi kwa vidole inapanga mistari upya kila ukikuza, na kumbukumbu ya mahali inavurugika. Chagua programu ya kurasa, yenye chapa ile ile anayotumia mwanafunzi madrasa. Kama madrasa inatumia misahafu ya chapa ya Kihindi, na zipo nyingi za namna hiyo mjini, usimpe mtoto ukurasa wa Madina nyumbani; migawanyo ya kurasa na baadhi ya alama ni tofauti.

Kinachofanywa vizuri zaidi na simu ni kurudia. Sikiliza kipande kizima mara moja huku macho yakiwa kwenye ukurasa. Kisha weka aya moja ijirudie mara tano, na katikati acha nafasi yenye urefu wa aya hiyo ili uisome wewe. Nenda aya ya pili vivyo hivyo. Halafu, na hii ndiyo hatua inayorukwa, weka zote mbili zipigwe pamoja kama kifungu. Programu nyingi zina sauti iliyokatwa aya moja moja, kwa hiyo anayesikiliza peke yake hajifunzi kuunganisha. Mfano uko kwenye Al-Ikhlas: ukisimama unasema "ahad", lakini ukiunganisha inakuwa "ahadunil-laahus-samad", na ile "ni" haisikiki kamwe kwenye sauti iliyokatwa. Atakayegundua ni maalim, siku ya kusikilizwa.

Maalim hana mbadala, kwa sababu simu inasema vizuri lakini inasikia vibaya. Zipo programu za akili mnemba zinazokufuata unaposoma na kukuonyesha neno uliloruka. Kwa kuruka maneno au kuchanganya aya zinazofanana, zinasaidia kweli, na anayefanya muraja'a, yaani kurudia alichohifadhi, peke yake usiku atazishukuru. Kwa herufi usizitegemee, kwani mfumo uliotengenezwa kutambua maneno huweza kukubali neno lililosomwa vibaya mradi linakaribiana na lile linalotarajiwa. Na makosa yetu sisi Waswahili yapo hapo hasa: haa nzito kuwa "h" ya kawaida, qaf kuwa "k", ayn kuyeyuka. Kiswahili chetu hakina shadda, yaani kukaza herufi, basi "iyyaaka" inasomwa "iyaaka", kosa ambalo wanachuoni wamelionya kwa kuwa linabadili maana ndani ya Fatiha yenyewe. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, basi qalqala (mdundo wa herufi isiyo na irabu) ya "ahad" inageuka "ahadi" na ya "falaq" inakuwa "falaqi". Skrini inaweza kuendelea kukupa rangi ya kijani, kana kwamba umepatia.

Wanaosoma kwa maalim aliye mbali nao wachague njia ya kuongelea. Simu ya kawaida ya sauti imekuwa ikikata masafa kwenye hertzi 3,400 hivi, na nguvu kubwa ya sin iko juu ya hapo. Ndiyo maana sin, thaa na faa hukaribiana masikioni mwa mwalimu. Kwenye simu za video, kichujio cha kelele huweza kuidhania ghunna (sauti ya puani) au maddi (mvuto) ndefu kuwa mngurumo wa feni na kuififisha katikati. Kizime kama programu inaruhusu, kaa chumba chenye pazia na mkeka, na mdomo uwe umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kinasa sauti. Kusoma kwa pamoja mtandaoni hakuwezekani, sauti zinachelewa na kupishana. Kila mmoja asome zamu yake.

Kuhusu adabu, kwa ufupi. Wanachuoni wengi wa sasa hawaihesabu simu kuwa msahafu katika hukumu ya kuigusa bila udhu, ingawa udhu ni bora. Aya kuwa mlio wa simu imekatazwa na wengi wao, kwani hukatwa katikati ya neno unapopokea. Katika tarawehe, anayeshika simu aiweke hali ya ndege. Ujumbe wa mkopo wa salio ukifunika aya katika rakaa, imamu na maamuma wote wanakwama.

Tarjama na vipande

Tarjama ya Kiswahili inayokutwa sana kwenye programu ni ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika kuchapwa 1969, wengi wanayo kabatini, na tafsiri zake za chini ya ukurasa ndizo zinazokosekana kwenye simu nyingi. Ukilinganisha tarjama, angalia namba. Ile ya jumuiya ya Ahmadiyya ya 1953 inahesabu bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo Ayatul Kursiy, ambayo kwingine ni 2:255, humo ni 2:256. Mtu asiyejua hili hudai aya "imebadilishwa".

Vipande vya video ndivyo vinavyosambaa kuliko vyote, na kukata ndiko kunakoharibu zaidi. "Basi ole wao wanaosali" ni aya ya 4 ya Al-Maun. Bila aya ya 5, inayosema ni wale wanaopuuza sala zao, kipande kinasema kinyume cha sura. Ukipokea bango au kipande, tafuta namba ya sura na aya, fungua msahafu, soma aya tatu kabla na tatu baada. Ukitafuta kwa neno la Kiarabu, andika bila irabu, na jaribu pia bila hamza. Namba yenyewe huweza kukupa jibu: Al-Baqara inaishia 286, Aal Imran 200, basi "Aal Imran 214" haipo. Tahadhari hiyo ifike pia kwenye programu za kuzungumza na akili mnemba, ambazo huweza kukuandikia Kiarabu fasaha chenye namba ya aya na kumbe maneno hayo hayamo popote katika Qur'ani. Na kwenye kundi la WhatsApp la familia, bango la aya lisilo na namba lirudishwe kwa aliyelituma, ataje sura na aya kwanza.