Najua Wataoana, Niache Nisome

Wiki iliyopita nilichekwa kwa mara ya nne mwezi huu kwa sababu ya kusoma riwaya ya mapenzi. Jamaa mmoja ninayemheshimu, mlevi wa riwaya za upelelezi, alinikuta na kitabu mkononi. Akageuza jalada, akaona mwanamume na mwanamke wamesogeleana kana kwamba mmoja ana siri ya kumnong'oneza mwenzake, akaangua kicheko. "Wewe mhariri mzima, unasoma hivi? Si wataoana tu mwishoni?"

Ndiyo, wataoana. Nilijua hata kabla sijakinunua, na ndiyo maana nikakinunua. Na jamaa yangu huyu hajawahi kuvumilia riwaya ya upelelezi ambayo inakwisha muuaji hajajulikana. Akikutana nayo ataitupa dirishani. Yeye kaahidiwa muuaji, mimi nimeahidiwa ndoa. Kwa nini ahadi yake iitwe taharuki na yangu iitwe upuuzi?

Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada ya mapenzi na ya fantasia. Nikimaliza ya kazi nasoma mingine kwa starehe, jambo ambalo wanaoishi nami wanaliona kama maradhi. Mwezi huu nimemaliza riwaya sita. Nitazungumzia mbili, bila majina: moja nimeipenda kupita kiasi, na nyingine, ambayo bado ni mswada na mwenyewe kaniruhusu niisimulie, nina ugomvi nayo usiokwisha.

Fasili kwanza, na tuipite mbio. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kiliweka masharti mawili tu: mapenzi yawe ndiyo uti wa mgongo wa kisa, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Likikosekana la pili, hiyo ni tanzia yenye busu ndani yake. Si vibaya, ila iweke rafu nyingine.

Sasa hili la mwisho kujulikana. Ukimsimulia mtoto hadithi ileile ya sungura na fisi kwa mara ya kumi, ukaruka kidogo kwa sababu umechoka, atakukatiza: "Hapana, kwanza alifika kisimani!" Anajua kila kinachokuja, na bado fisi akikaribia anavuta shuka hadi puani. Hamna mtu anayemwambia mtoto huyo kwamba anapoteza muda. Taharuki haihitaji msomaji awe gizani. Mara nyingi inahitaji ajue mambo ambayo mhusika hayajui, halafu akae akimtazama mhusika anayaendea.

Chukua mfano ambao kila mtu anadai kausoma. Pride and Prejudice ya Jane Austen ilitoka mwaka 1813, ina sura 61. Darcy anamposa Elizabeth katika sura ya 34, na anakataliwa vibaya sana. Posa iko katikati ya kitabu! Kama swali lingekuwa "je, anamtaka?" tungekifunga hapo, jibu tunalo. Swali lililobaki ni gumu zaidi: nini kivunjike ndani ya watu hawa wawili ili posa ileile, kwa mwanamke yuleyule, ije ipate jibu jingine? Zinabaki sura 27, na hakuna hata moja inayokuuliza kama wataoana.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kizuizi, na naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Kila mwandishi anayeanza anajua kwamba lazima pawe na kizuizi kati ya wapenzi. Pamela Regis, msomi wa fasihi, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu riwaya za mapenzi, alikitaja miongoni mwa vipengele vinane vya lazima vya riwaya hizo, na tangu hapo watu wanavitumia kama orodha ya ukaguzi wa gari: taa zipo, breki zipo, kizuizi kipo. Haya, kipo. Lakini ni kizuizi gani?

Mwaka huu nimepokea mswada ambao binti anamwona mpenzi wake kamkumbatia mwanamke mwingine kituoni. Anakimbia. Anazima simu. Anahama mji. Kurasa 140 za machozi. Mwanamke yule, mnajua tayari, ni dada yake. Daima ni dada yake! Wanaume wa riwaya hizi wana madada wasiohesabika, na wote wanapenda kukumbatiwa hadharani.

Hicho hakikuwa kizuizi, ilikuwa simu iliyozimwa. Nilipomwandikia mwandishi hivyo, alinijibu kwa hoja ambayo ilinilaza macho: "Lakini hata ile riwaya unayoisifu kila siku, ya fundi saa, si nayo ingekwisha kama yule kijana angefungua mdomo?"

Swali zuri, na ndilo lililonifanya niirudie kwa mara ya pili riwaya hiyo, ambayo ndiyo ile niliyosema nimeipenda kupita kiasi. Kisa ni hiki. Mwanamke amerithi ufundi wa saa kwa baba yake, ambaye karakana yake iliungua moto na hakuwahi kupona na huzuni hiyo. Anatokea kijana, anampenda. Ukurasa wa 80 tunaambiwa sisi, si yeye, kwamba aliyewasha moto ni kaka wa huyu kijana, na kijana anajua. Basi. Kuanzia hapo mwandishi hahitaji tena mvua wala radi. Kuna tukio moja la usiku: anatengeneza saa iliyookolewa kwenye moto ule, kijana kamshikia taa. "Sogeza kidogo," anamwambia. Anaisogeza, na kivuli cha mkono wake kinaangukia mezani, juu ya saa. Mwanamke anakwangua kitu cheusi kwenye gurudumu dogo la meno, anauliza bila kuinua macho, "Unajua moshi ukiingia ndani ya saa unakaa wapi?" Kijana anasema, "Sijui." Kurasa mbili nzima, na hakuna lililotokea. Nilikuwa nimesimama.

Tofauti yake na mswada wa kituoni haiko katika kunyamaza, maana wote wamenyamaza. Iko katika kitakachotokea siku watakaposema. Kule, sentensi moja, "huyu ni dada yangu", inafuta mgogoro wote, na msomaji anabaki ameshika kurasa 140 zisizo na kazi. Huku, sentensi moja, "aliyechoma ni kaka yangu", haifuti kitu. Ndiyo inayoleta balaa lenyewe: atachagua nani, damu yake au mpenzi wake? Mwanamke atamsamehe nani, na marehemu baba yake atawekwa wapi? Na kwa kuwa tunajua mwisho ni mwema, tunateseka zaidi. Tunajua daraja litavukwa, ila tunaliangalia na hatuoni mbao.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye semina silisemi. Kanuni hii inapwaya. Niliwahi kumshauri mwandishi mmoja akate sura tatu za kutoelewana kwa namna hii ya kituoni. Akakata, akanishukuru, kitabu kikatoka, na wasomaji wake wa zamani wakamlalamikia kwamba safari hii hakuwaliza. Halafu mimi binafsi niliwahi kukaa miaka miwili bila kusemezana na rafiki kwa sababu ya ujumbe ambao ningeuliza maana yake kwa dakika moja. Watu huzima simu kweli. Huenda kinachoniudhi si uongo wa jambo hili, bali ni kwamba mwandishi halishughulikii. Anazima simu ya mhusika, halafu haniambii ni woga gani uliomfanya abonyeze kitufe.

Wanaonitetea wakati mwingine hunitumia utafiti. Mwaka 2011 Leavitt na Christenfeld, wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, walichapisha matokeo kwamba waliofichuliwa mwisho wa hadithi fupi kabla ya kuzisoma walizifurahia zaidi kuliko wasiofichuliwa. Niliutangaza utafiti huo kama mganga aliyepata dawa mpya. Mwaka 2015 Johnson na Rosenbaum wakachapisha wa kwao, na kwa jumla ulielekea upande wa pili: kufichuliwa kulipunguza raha. Siku hizi siutaji wowote kati ya hizo mbili mbele ya watu. Na kwa kweli hazikuwa zinapima jambo langu. Mtu kukuchungulisha mwisho ambao mwandishi aliuficha ni jambo moja, na mwandishi mwenyewe kukuahidi mwisho tangu jaladani ni jingine.

Tugeukie fantasia, ambako uongo ni uleule ila umevaa kofia nyingine. Huku watu hawasemi "mwisho unajulikana". Wanasema "si fantasia tu, chochote kinawezekana." Nikisikia hivyo nafunga mswada. Pasipokuwa na kisichowezekana, nimwogopee mhusika kitu gani? Shaaban Robert alilijua hili. Katika Adili na Nduguze sihiri imewageuza ndugu wawili manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku, naye anawapenda. Sihiri yote hiyo inabanwa kwenye bakora moja ya kila usiku. Haielezwi imetoka wapi kwa kurasa ishirini zenye ramani na majina ya falme tisa. Tunajua inachodai, inatosha.

Na hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na ule mswada niliouahidi mwanzoni, si ule wa kituoni.

Ni fantasia na ni mapenzi kwa pamoja. Mponyaji mwanamke akigusa jeraha linafunga, lakini kila akiponya neno moja linamtoka. Akilisikia kwa mwingine analielewa, ila yeye halitamki tena, wala haliandiki, na hachagui liondoke lipi. Sura ya tatu anamponya mtoto aliyeungua mkono. Jioni yuko mezani, anaonja, anafungua mdomo aombe kitu, na mdomo unabaki wazi. Ananyoosha kidole. Mwenye nyumba anamsogezea kikopo, mazungumzo yanaendelea, hakuna aliyegundua. Mwandishi hataji neno lenyewe. Tumeona kikopo, tumejua.

Halafu anampenda mtu, na mtu ana jina, na jina ni neno.

Kuanzia hapo kila mgonjwa aliyebisha hodi nilimchukia. Analetwa mtoto ana homa, nami najikuta nasema moyoni, "Si mrudi naye tu nyumbani?" Mtu mzima mimi, namwombea mtoto wa watu mauti ili jina la mwanamume asiyekuwepo libaki mdomoni mwa mwanamke asiyekuwepo! Na wakati wote najua mwisho ni mwema, kwa sababu mwandishi kaniambia ni riwaya ya mapenzi. Ahadi inasema atampata, sharti linasema atampoteza, na mimi nimebanwa katikati.

Sura ya 38, kidani cha bibi yake kinang'aa na maneno yote yanarudi. Kidani! Kilikuwa kimetajwa mara moja, kama pambo. Niliurusha mswada kitini, ukapitiliza, karatasi zikatapakaa sakafuni.

Najua utetezi uliopo. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, katika insha iliyotokana na mhadhara wake wa mwaka 1939 pale St Andrews, Uskochi, alitetea ule mgeuko wa ghafla wa heri, neema isiyoweza kutegemewa kurudi tena, na akauona kuwa ndio kilele cha hadithi za namna hii. Nimeusoma utetezi huo mara nyingi, na sijawahi kuwa na uhakika jinsi ya kutofautisha neema na mwandishi aliyekwama. Nina hisia tu, na hisia siwezi kuiandikia mtu pembeni ya ukurasa.

Basi nikapiga magoti nikiokota karatasi, bila mpangilio, huku nikilalama. Ya mwisho kabisa ilikuwa imeangukia juu ya nyingine, uso wazi, nikaisoma kabla ya zile zilizoitangulia. Wako mezani. Mwanamume anamsubiri, macho yote kwake, aitwe kwa jina lake kwa mara ya kwanza tangu lilipomtoka mwanamke sura ya 29. Mwanamke anafungua mdomo.

"Chumvi," anasema.

Nilikaa pale sakafuni nikilia na kidani sijakisamehe. Mswada unatakiwa kurudishwa Ijumaa, na pembeni mwa sura ya 38 bado sijaandika kitu.